Kumsifu Kocha Wilkister

Jumapili, 6 Aprili

Theluji imerudi, eti Aprili. Nilimpeleka binti yangu Eve kwenye mazoezi ya lakrosi huko Rågsved nikiamini yataahirishwa, turudi nyumbani tukanywe chai. Wapi! Tulimkuta kocha uwanjani na koti lake la kazini la rangi ya machungwa, ameshika koleo, na wasichana wote nao wana makoleo, wanasafisha mbele ya magoli. Mikono ya Eve ilikuwa myekundu kama nyanya.

Kocha huyu anaitwa Wilkister. Klabuni si mgeni, ila ni mgeni kwetu, maana Eve amepanda mwaka huu kwenye timu yake. Ni Mkenya wa pande za Kisumu, mrefu, mwenye sauti ya kumwitia mtu ng'ambo ya ziwa. Mimi ni wa Bukoba; ziwa letu ni moja, lakini malezi nadhani yalitofautiana. Nilimsalimia kwa heshima zote: "Habari za leo, mwalimu?"

"Poa. Wewe ni mama wa nani?"

"Wa Eve."

"Sawa. Mama Eve, shika hii."

Akanipa koleo. Mimi, mkutubi wa maktaba ya Skärholmen, na viatu vyangu vya ngozi. Nikachota theluji.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua na theluji kwa pamoja. Eve ana mafua. Mazoezini amekwenda vilevile.

Jumamosi, 12 Aprili

Gunvor amenipigia simu. Ni bibi wa Kiswidi aliyeianzisha klabu yetu, Kindi wa Rågsved, na hadi leo ndiye mwenyekiti, dereva wa basi dogo, na mfuaji wa jezi. Klabu inatimiza miaka ishirini vuli hii. Wanataka kutengeneza Ukuta wa Heshima katika nyumba ya klabu: vibao vitatu, kimoja cha mchezaji, kimoja cha kocha, kimoja cha mtu aliyejitolea kuliko wote. Ananitaka kwenye kamati. "Wewe unafanya kazi na vitabu," akasema. "Maneno utayapata."

Kamati ni Gunvor, mimi na Severin. Severin ni fundi umeme, mtu wa Muleba, alikuja huku Uswidi kusoma na akabaki kama wengi wetu. Binti yake, Dativa, ndiye golikipa wa timu ya Eve. Tunaitana ndugu, na mkewe akipika senene, wale panzi wa kwetu, waliotoka nyumbani sisi ndio tunaoitwa kwanza.

Usiku wa leo nilizungumza na mama Bukoba. Nimemweleza lakrosi kwa mara nyingine: mpira mdogo mgumu, unadakwa na kurushwa kwa fimbo yenye kikapu cha wavu kichwani. Alifikiri kidogo. "Kumbe ni kama kuvua dagaa angani," akasema. Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi.

Jumamosi, 3 Mei

Mechi ya kwanza, tumeshinda. Eve alikaa benchi kipindi kizima cha kwanza kwa sababu tulichelewa kufika. Nilikwenda kumweleza kocha kwamba treni ndiyo iliyochelewa, mtoto hana kosa.

"Treni haichezi lakrosi," Wilkister akasema huku akitazama uwanja. "Eve anacheza. Kesho atatoka mapema."

Nimerudi nimefura. Ephraim, mume wangu, ambaye huendesha treni za njia ya kijani, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ilikuwa treni ya saa ngapi. Nikamtajia. Akaanza kucheka. "Hiyo nilikuwa naendesha mimi," akasema. "Mlango mmoja uligoma kufunga."

Sikucheka. Nimecheka sasa, ninapoandika.

Jumatano, 14 Mei

Kikao cha kamati nyumbani kwa Gunvor. Mchezaji tumekubaliana upesi: Victoire, aliyeanzia hapa akafika hadi langoni mwa timu ya taifa. Kwa upande wa kocha, Gunvor alimtaja Wilkister bila kusita: miaka tisa na wasichana, hakuna aliyewaleta wasichana wengi klabuni kumzidi. Severin akasema ndiyo. Mimi nilikaa kimya, na Gunvor akauhesabu ukimya wangu kuwa ndiyo.

Gunvor alipokwenda jikoni kuleta kahawa, Severin aliniinamia. "Dada Adelina, huyu wa kujitolea tunamtafuta wa nini? Si ndiye huyo anayechemsha maji?"

Tukapeana mkono chini ya meza. Gunvor aliporudi tukamwambia kibao cha tatu atuachie sisi, kuna mtu tunamchunguza, amehamia mji wa Göteborg. Severin anadanganya vizuri sana kwa mtu anayeimba kwaya.

Jumapili, 18 Mei

Leo nimeonana na Victoire ili nipate maneno ya kuandika kwenye kibao chake. Ni binti wa Bukavu, sasa anasomea ukunga. Mpana wa mabega, mcheshi. Tulikaa kwenye mkahawa pale Skärholmen, nje, jua la kwanza la kweli mwaka huu.

Nilitaka anieleze habari zake. Kila nilipomuuliza juu yake, alinijibu juu ya Wilkister.

"Papa alikataa kabisa," akasema. "Alisema fimbo ni ya kuchunga ng'ombe, haiko ya binti. Mama Wilkister akakuja kwetu Jumapili. Akakula, akaongea na Papa habari ya bei ya samaki, habari ya vita, habari ya magoti yake. Lakrosi hakuitaja. Jumapili ingine akakuja tena. Tena. Mwisho Papa mwenyewe akamuuliza, 'Sasa huo mpira wenu mnacheza saa ngapi?'"

"Na wewe ulikuwa hodari tangu mwanzo?"

"Mais non, mama! Nilikuwa mnene, kukimbia siwezi. Wengine walinicheka. Yeye akaniangalia, akasema, 'Mtu asiyependa kukimbia ndiye golikipa. Ingia hapo ndani, mpira utakuja wenyewe.'"

Akacheka hadi kahawa ikamwagika. Kisha akasema, bila kucheka, kwamba katika wasichana walioanza naye kuna watatu ambao baba zao walilainishwa na kocha huyo kwa namna hiyohiyo, kwa kula ugali wao na kungoja.

Nimeyaandika. Lakini mimi bado alinipa koleo.

Alhamisi, 29 Mei

Tumeshinda tena. Eve mabao mawili. Mvua ya mawe.

Jumamosi, 14 Juni

Nilisahau mwavuli uwanjani, nikarudi kuuchukua baada ya wote kuondoka. Wote, isipokuwa wawili. Kuna msichana anaitwa Flaviana, Mrundi, mdogo kuliko wenzake na mwembamba kama ile fimbo yake. Mpira ukija kwake huanguka. Wenzake hawamsemi vibaya, ila nimeona wanavyoepuka kumpasia.

Wilkister alikuwa amesimama karibu naye sana, anamrushia mpira taratibu, kama mtu anayemrushia mtoto chungwa. Unaanguka. Anauokota mwenyewe, anarusha tena. Unaanguka. Hakuna kelele. Ile sauti ya ng'ambo ya ziwa sikuisikia hata kidogo. Alikuwa anazungumza chini chini, na Flaviana anaitikia kwa kichwa. Nilisimama nyuma ya uzio kwa muda mrefu kuliko mwavuli ulivyostahili. Mwishowe mpira ukaingia kwenye wavu wa fimbo na kubaki humo. Flaviana aliutazama kana kwamba umetokea wenyewe.

"Umeona?" Wilkister akasema. "Sasa fanya hivyo tena kabla hujasahau."

Mwanamke huyu alikuwa ametoka kazini alfajiri ileile, katika ghala moja huko Jordbro, anakoendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Nimeondoka bila kuchukua mwavuli.

Ijumaa, 20 Juni

Sikukuu ya kiangazi. Viazi vipya, samaki wa siki, mvua kama kawaida yake. Ephraim amecheza kuzunguka mlingoti wa maua na majirani. Mimi nimepiga picha.

Julai

Julai nzima nimeandika kidogo. Jua karibu halizami, ligi imepumzika, mji umehamia visiwani. Eve anarusha mpira kwenye ukuta wa jengo letu kutwa nzima. Jirani wa chini alipanda kulalamika, akabaki akitazama, sasa anamhesabia.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumeingia nusu fainali! Klabu haijawahi kufika huko kwa wasichana wa umri huu. Dativa alizuia mpira wa mwisho kwa kifua. Gunvor alilia waziwazi, akafuta machozi kwa jezi chafu.

Jumamosi ijayo atakuja kocha wa timu ya taifa ya vijana kutazama. Wote wanajua anakuja kumtazama nani. Eve hali. Nimempikia ndizi na nyama, amezigusa tu kwa uma.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika nikiwa hospitalini, kwenye kiti cha plastiki. Eve amelala. Niandike yote kabla hayajachanganyika kichwani.

Mvua ilianza asubuhi na haikukata. Hata hivyo uwanja ulijaa watu kuliko siku zote. Yule kocha wa timu ya taifa alikaa peke yake chini ya mwavuli wa bluu. Na Eve alicheza! Sijawahi kumwona hivyo. Bao moja alilifunga akiwa ameligeuzia goli mgongo. Nikapiga vigelegele, Waswidi wakageuka kunitazama, nikapiga tena.

Zilikuwa zimebaki dakika chache, mabao sawa kwa sawa, mpira unaviringika chini katikati ya uwanja. Eve na msichana wa upande wa pili waliukimbilia, wote wawili wameinama. Mgongano wao niliusikia hadi kule nilikokaa. Kichwa cha Eve kiligonga bega la mwenzake, kisha kikagonga chini. Wasichana katika lakrosi hawavai kofia ngumu, ni miwani ya kinga tu.

Aliinuka. Aliinuka palepale, akacheka, akapunga mkono. Refa akamtazama akaridhika. Na mimi nikaridhika. Wilkister peke yake hakuridhika. Alimwita kando, akaongea naye kidogo, kisha akamvua miwani kwa mkono wake mwenyewe na kumwita Flaviana aingie.

Uwanja mzima uliguna.

Eve alianza kulia. "Jag mår bra!" Akanigeukia. "Mama, mwambie! Mama, mwambie niko sawa!" Miaka imepita hajanisemesha Kiswahili mbele ya wenzake. Nikashuka mbio.

"Mrudishe mtoto," nikamwambia Wilkister. "Amekwambia yuko sawa."

"Mama Eve, rudi nyuma ya kamba."

"Yule pale amekuja kwa ajili yake! Siku nyingine hiyo ataipata wapi? Una chuki gani na mwanangu?"

Mvua ilikuwa inamtiririka usoni, hakuifuta. "Nimemuuliza tunashambulia goli gani," akasema, bila kupaza sauti. "Amenionyesha letu. Nimemuuliza tena. Amenionyesha letu."

"Ni wasiwasi tu wa mechi."

"Kichwa si kitu ya kuchezea. Nusu fainali nitapata ingine. Wewe unampeleka hospitali ama nimpeleke mimi?"

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Yote kwa sauti, mbele ya watoto. Severin alikuwa amefika nyuma yangu, naye akaongeza ya kwake: kwamba mwanawe Dativa anamaliza umri wa timu hii mwaka huu, kwamba kocha mwenye akili hawezi kumtoa mfungaji wake akamwingiza yule asiyejua kudaka. Flaviana alikuwa karibu, alisikia.

Mchezo ukaendelea. Na hili lazima niliandike: Flaviana alidaka. Alipasiwa mpira akaudaka, akakimbia nao, akapiga, na mpira ukagonga mwamba wa goli na kurudi. Wenzetu wakauchukua, wakaenda nao upande wa pili, wakafunga. Kipenga.

Flaviana alipiga magoti palepale. Watu wote walikuwa wanamtazama Wilkister, wanangoja aone aibu. Yeye alitupita sote, akaenda kupiga magoti kwenye maji kando ya yule mtoto, akamwambia kitu sikioni. Kisha akaja na funguo za basi la Gunvor, akatupeleka hospitali.

Njiani Eve alitapika. Aliniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia. Baada ya kitambo akaniuliza tena.

Daktari ni msichana mdogo, mpole. Alisema ni mtikisiko wa ubongo, watamlaza kumwangalia. Akauliza kama baada ya kugongwa aliendelea kucheza.

Nikajishughulisha kumfunika Eve blanketi.

"Hakuendelea," Wilkister akajibu kwa Kiswidi, kutoka mlangoni. Bado alikuwa amelowa.

"Vizuri sana," daktari akasema. "Kwa umri huu, pigo la pili juu ya la kwanza ndilo tunaloliogopa zaidi." Hakufafanua. Ephraim alikuwa ameingia na sare zake za kazi. Alitoka nje ya chumba, akaenda kusimama mbele ya mashine ya kahawa, bila kununua chochote.

Nilipogeuka tena mlangoni, Wilkister alikwisha kuondoka.

Jumatatu, 25 Agosti

Eve yuko nyumbani. Mapazia yamefungwa. Hakuna simu, hakuna kitabu, hakuna shule. Anasema mwanga unamchoma. Amesema pia kwamba hataki kumwona kocha, asije. Amesema kwa Kiswidi, akiwa amegeukia ukuta.

Jumatano, 27 Agosti

Severin amepiga simu. Kwanza ametoa pole, pole ya kweli, najua. Kisha akasema, "Lakini dada, hili la kibao tulifikirie upya. Watu wana kinyongo. Dativa hali, halali. Heshima gani hiyo tunampa mtu aliyetunyima fainali?"

Nikamjibu kwamba sitaki kuzungumza sasa. Hilo lilikuwa kweli.

Jumapili, 31 Agosti

Kengele ya mlango. Wilkister, na mfuko wa plastiki mkononi. Amekuja kutoka Jordbro, treni kisha basi, baada ya zamu.

Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwomba radhi tangu Jumatatu, marefu, yenye mwanzo na mwisho. Nilipomwona yakapotea. "Kocha, nilikuvunjia heshima mbele za watu," nikasema. "Nisamehe."

"Ulikuwa mama," akasema. "Ningeshangaa kama ungenyamaza. Mtoto yuko wapi?"

Nikamweleza kwamba Eve hataki kumwona.

"Si kuna giza huko ndani? Hataniona."

Akaingia. Nilibaki ukumbini nikitega sikio, sioni haya kusema. Kisha nikasikia mfuko unakwaruza, na Wilkister akasema, "Nyosha mkono. Hii ni fimbo ya Flaviana, wavu umekatika. Kamba ndizo hizi. Mimi macho yangu gizani hayaoni, na wewe hutakiwi kuyatumia. Kwa hivyo tutashona kwa vidole."

"Jag kan inte," Eve akasema, yaani hajui.

"Najua hujui. Shika hapa."

Alipotoka, saa nyingi baadaye, nilimpa chakula. Alikula vyote, ndizi na maharage, akazungumza na Ephraim habari za magoti yake.

Jumapili, 7 Septemba

Amekuja tena. Nilipita karibu na mlango, nikasikia Eve anacheka, taratibu kama mtu anayeogopa kujiumiza. Fimbo ya Flaviana imekwisha. Wameanza nyingine.

Jumatano, 10 Septemba

Eve amekaa sebuleni jioni nzima, pazia wazi. Majani ya mti wa nje yameanza kuwa ya njano. Aliniambia jambo ambalo sikulijua: siku ile uwanjani, baada ya kugongwa, alikuwa anaona mipira miwili na akaamua kupiga wa kushoto. "Ningeendelea tu," akasema. "Ungeniacha niendelee, sivyo, mama?"

Nikamwambia ndiyo, ningekuacha.

"Hata mimi," akasema, akaegemeza kichwa begani kwangu.

Jumamosi, 13 Septemba

Kikao cha mwisho cha kamati. Gunvor alichemsha kahawa, hakuna aliyeinywa.

Severin alizungumza kwa utulivu, na hoja zake hazikuwa za kijinga. Alisema kibao kitakaa ukutani miaka mingi na mwaka huu kidonda bado kibichi, tungoje mwakani. Alisema wazazi kadhaa wamemwambia hawatakuja. Alisema kocha anapimwa kwa ushindi, ndiyo maana uwanja una ubao wa mabao.

Nilikuwa nimeamua kutosema mengi. "Ndugu Severin," nikasema, "siku ile mimi na wewe tulisimama pale kwenye mvua, na refa, na yule mgeni mwenye mwavuli, na watu wazima wote wa uwanja. Mtoto alikuwa wangu. Aliyemwona ni mmoja. Angekuwa Dativa ungetaka nani awe kwenye mstari? Mimi, au yeye?"

Akasogeza kikombe chake kando.

"Na si siku ile tu," nikaendelea. "Hata bila siku ile, kuna Victoire. Kuna Flaviana, mtoto huyo alidaka, ulimwona alivyodaka. Kama tungemfunga yule mpinzani, tungempa kibao kwa sababu ya bao. Mimi nataka tumpe kwa sababu zilizo sahihi."

Gunvor aliinua mkono. Nami nikainua. Severin aliutazama mkono wake mwenyewe uliokuwa mezani. "Siwezi," akasema. "Msinilazimishe. Nikimpigia kura leo nitakuwa mnafiki." Akavaa kofia, akatuaga kwa adabu, akaenda.

Nimeumia. Lakini nimemheshimu kwa hilo kuliko kama angeinua mkono kwa shingo upande.

Alhamisi, 25 Septemba

Maneno ya kibao hayaji. Nimeandika, nimefuta. Nilianza na "kocha mahiri", nikaona aibu. Hata sabuni huitwa mahiri. Kazi yangu yote nimewatafutia watu maneno ya wengine rafuni, nikadhani ni kitu kilekile.

Eve ameruhusiwa kurudi shule nusu siku. Kucheza atangoja hadi majira ya kuchipua. Timu ya taifa ya mwaka huu imekwisha kuchaguliwa bila yeye. Alisoma majina, akakunja karatasi, akaenda kushona wavu.

Ijumaa, 26 Septemba

Yamekuja. Nikiwa kwenye treni, kituo kimoja kabla ya kushuka.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nyumba ya klabu ilijaa hadi barazani. Upepo wa vuli ulikuwa unabamiza mlango, majani yanaingia na kila mgeni. Nilifika mapema kupanga viti, nikamkuta mtu juu ya ngazi, na mashine ya kutobolea ukuta. Severin.

"Sikumpigia kura," akasema, misumari mdomoni. "Lakini kibao hakiwezi kuning'inia upande. Nipe hiyo rula."

Nikampa. Dativa alikuwa chini ameshikilia ngazi, akanikonyeza.

Victoire alikuwa wa kwanza kuitwa. Alikuja na baba yake, yule wa fimbo za ng'ombe, amevaa suti, akapiga makofi kabla mtu hajasema lolote. Kisha tukamwambia Gunvor aondoe kitambaa kwenye kibao cha yule mtu wa Göteborg. Akakivuta, akasoma jina lake mwenyewe, akasoma tena. "Men hallå!" akasema kwa mshangao, akakaa kwenye kiti kilichokuwa na keki. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka yeye mwenyewe alipoanza.

Wazazi waliosema hawatakuja, wengi walikuja. Wengine hawakuja. Hivyo ndivyo ilivyo.

Wilkister alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, amekunja mikono, na lile koti la machungwa. Gunvor akamwita. Alikuja mbele kama mtu anayeitwa na polisi. Flaviana ndiye aliyevuta kitambaa. Gunvor akasoma Kiswidi, kisha nikasimama mimi na karatasi yangu, kwa sababu tulikubaliana asikie pia kwa Kiswahili chetu. Nilisoma hivi:

"Wilkister hufika kabla ya wote na huondoka wa mwisho. Amewafundisha wasichana wa kusini mwa mji huu kudaka, kurusha, na kuinuka. Alikaa mezani kwa wazazi waliokataa, akala walichonacho, akangoja. Aliyeshindwa kukimbia alimpa lango. Aliyeshindwa kudaka alimpa muda. Na siku ushindi ulipokuwa mkononi mwake, aliuachia, akamshika mtoto."

Wilkister alikuwa anatazama sakafu, nami nikafikiri nimemkosea, nimesema mengi mno, si mtu wa maneno. Eve alikuwa amesimama kando ya ukuta, mkono mdomoni.

Ndipo Wilkister akainua uso. Ulikuwa umelowa, kama siku ile ya mvua, na vilevile hakuufuta.

"Mama Eve," akasema, na sauti ile kubwa ilikuwa imebaki nusu. "Kwetu, maneno kama hayo husomwa jeneza likiwa hapo mbele. Mwenyewe hasikii kitu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alivuta kiti, akakaa katikati ya chumba, akaweka mikono magotini.

"Mimi nasikia. Soma tena. Polepole."

Nikasoma tena, tangu mwanzo.